MWONGOZO: Desturi za kazi Marekani zinazowatatiza wanafunzi Wakenya wanaosaka ajira

TANGU Septemba 1959, ndege ya kwanza ilipoondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliotafutiwa nafasi katika vyuo vya Marekani na Tom Mboya, masomo ya ng'ambo yamekuwa ndoto ya jamaa nyingi nchini Kenya. Kufikia mwaka wa 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri chini ya mpango huo, na wengi wao waliporejea walikuta taifa changa lenye upungufu mkubwa wa wasomi. Wao hawakutafuta kazi. Kazi ndizo zilizowatafuta.

Mwanafunzi wa leo hana bahati hiyo. Aghalabu karo yake imetokana na shamba lililouzwa, mkopo wa chama cha ushirika au michango ya jamaa na majirani, na wote hao wanatarajia kwamba atakapofuzu atafanya kazi huko huko Marekani angalau kwa muda, apate ujuzi na kulipa madeni kabla ya kurejea. Lakini miezi huja na kupita akituma maombi kwa makumi ya kampuni bila kuitwa hata na moja, ilhali alama zake ni nzuri na Kiingereza chake hakina dosari.

Mara nyingi kikwazo si elimu. Kikwazo ni kwamba adabu aliyolelewa nayo, ile ya kunyenyekea, kungoja kuulizwa na kutojitapa, husomwa na mwajiri wa Kimarekani kama dalili ya mtu asiyejiamini au asiye na la kusema. Heshima ipo Marekani pia, ila ina ishara nyingine, na ishara hizo hazifundishwi darasani. Makala haya yanafafanua baadhi yake, pamoja na kanuni za sheria ambazo humfanya mwanafunzi wa kigeni asiwe na muda wa kujifunza polepole.

Siku zinazohesabiwa

Wanafunzi wengi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya F-1. Viza hiyo humruhusu mwanafunzi kufanya kazi ndani ya chuo chake kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na saa zaidi wakati wa likizo. Kazi nje ya chuo haziruhusiwi bila kibali maalumu.

Vibali vinavyojulikana zaidi ni viwili. Cha kwanza huitwa CPT, nacho ni cha mafunzo ya kazini yaliyo sehemu ya kozi, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja wa masomo. Anayekitumia kwa miezi 12 au zaidi akifanya kazi ya siku nzima hupoteza haki ya kupata kibali cha pili katika kiwango hicho cha masomo. Wapo waliogundua jambo hili wakati maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Kibali hicho cha pili ni OPT, ambacho humpa aliyehitimu miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na taaluma yake. Waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24, mradi mwajiri awe amejisajili katika mfumo wa serikali wa kuthibitisha wafanyakazi uitwao E-Verify. Maombi ya OPT yanaweza kuwasilishwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo hadi siku 60 baada ya kumaliza.

Sasa lipo sharti ambalo wazazi walio Kenya hawalifahamu, na ambalo huwanyima watoto wao usingizi. Kibali cha OPT kikishaanza, mwanafunzi hapaswi kukaa bila kazi kwa jumla ya siku zaidi ya 90. Siku hizo zikipita, hadhi yake ya kisheria imo hatarini. Wanaopata nyongeza ya miezi 24 huhesabiwa jumla ya siku 150 kwa kipindi chote. Kazi ya angalau saa 20 kwa wiki inayohusiana na taaluma hutosha kusimamisha hesabu hiyo, na katika miezi 12 ya kwanza hata kazi ya kujitolea inaweza kukubalika iwapo haivunji sheria za kazi.

Baada ya hapo wengi hutegemea viza ya H-1B, inayoombwa na mwajiri kwa niaba ya mfanyakazi. Kwa kampuni za kawaida, sheria imeweka kikomo cha viza 65,000 kwa mwaka na nyingine 20,000 kwa waliopata shahada ya uzamili au zaidi katika vyuo vya Marekani. Waombaji huzidi idadi hiyo kwa mbali, hivyo huchujwa, na wanaofaulu huanza kazi Oktoba. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti zisizo za kibiashara haviguswi na kikomo hicho, na ni ajabu kwamba wanafunzi wachache tu huanza kusaka kazi huko.

Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara. Mnamo Septemba 2025, Rais Donald Trump alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, na mwezi uliofuata idara ya uhamiaji ikafafanua kwamba ada hiyo haikuwahusu wanafunzi waliokuwa tayari nchini humo na waliokuwa wakibadilishiwa hadhi. Kwa hivyo anayestahili kuulizwa kwanza ni afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni, wala si rafiki aliyehitimu miaka mitano iliyopita.

Wasifukazi usio na picha

Mkenya anapoandika wasifukazi, huanza na tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa, na pengine picha. Kisha hutaja shule zote tangu ya msingi pamoja na alama za KCSE, akamalizia na uraibu wake na majina ya warejelewa watatu.

Karibu yote hayo hayatakiwi Marekani, na sababu yake ni ya kisheria. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka wa 1964 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa misingi ya rangi, dini, jinsia au asili yake. Sheria ya mwaka wa 1967 inawalinda wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na ile ya mwaka wa 1990 inawalinda walemavu. Mwajiri anayeletewa picha, umri na dini ya mwombaji huhofia kwamba siku moja atashtakiwa kwa madai kuwa aliyatumia mambo hayo kumnyima mtu kazi. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 nayo inakataza ubaguzi, lakini mazoea yetu ya kuandika wasifukazi hayakubadilika pamoja nayo.

Kwa mwanafunzi au aliyehitimu juzi, ukurasa mmoja unatosha. Elimu inayotajwa ni ya chuo, kwani mwajiri wa Ohio hajui KCSE ni nini. Shahada iliyopatikana Kenya itajwe, lakini maneno ya kuieleza daraja yake hayana maana kwa msomaji wa huko, ambaye amezoea wastani wa alama unaokomea nne.

Yapo pia mambo madogo yanayomfichua mgeni. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku, hivyo 03/04 kwao ni tarehe nne Machi. Karatasi zao si za A4, bali ni pana kidogo na fupi kidogo. Tahajia ya Kiingereza chao si ile tuliyofundishwa. Hakuna kosa moja kati ya haya linalomnyima mtu kazi, ila yakikusanyika humfanya msomaji ahisi kwamba barua ile haikuandikiwa yeye.

Kubwa kuliko hayo ni namna ya kueleza kazi zilizofanywa. Sisi huandika cheo: "msaidizi wa maktaba, 2022 hadi 2024". Mmarekani hutaka kujua nini kilibadilika kwa sababu ulikuwapo. Je, ulihudumia wasomaji wangapi kwa siku? Ulipunguza foleni kwa njia gani? Kila mstari huanza kwa kitenzi na, inapowezekana, hubeba tarakimu. Kampuni kubwa hutumia programu za tarakilishi kupanga na kuchuja maombi, kwa hivyo maneno yaliyotumiwa katika tangazo la kazi yanafaa kuonekana katika wasifukazi, bila shaka pale ambapo ni ya kweli.

Kizuri hakijiuzi

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imewaponza Wakenya wengi katika vyumba vya mahojiano vya Marekani.

Katika jamii zetu, mtu mwema husifiwa na wengine. Anayesimama na kusema "nilifanya hili, nikaongoza lile" hushukiwa. Mwanafunzi aliyekuzwa hivyo anapoulizwa kuhusu mradi alioufanya, hujibu, "tulifanya", akiwagawia wenzake sifa zote. Kwake huo ni ungwana. Lakini anayemhoji anashika kalamu akijiuliza: huyu mwenyewe alifanya nini? Kwa kuwa hakuambiwa, ataandika kwamba hakuna.

Hapatakiwi majivuno. Wamarekani nao hawampendi mtu anayejigamba bila ushahidi, na tofauti kati ya majivuno na maelezo kwao ni takwimu na ukweli. Kusema "mimi ni kiongozi bora" ni majivuno. Kusema "niliwagawia wenzangu wanne kazi, nikafuatilia kila Ijumaa, tukamaliza wiki moja kabla ya muda" ni maelezo, nayo hayamvunjii mtu yeyote heshima.

Swali la kwanza katika mahojiano mengi ni ombi la kujieleza. Hapa Mkenya mwenye adabu huanza na mahali alipozaliwa, idadi ya ndugu zake na kazi ya wazazi wake, kwani kwetu mtu hutambulishwa kwa watu wake. Mhoji wa Kimarekani hataki kusikia hayo, na kwa sababu ya zile sheria za ubaguzi huenda hata yakamtia wasiwasi. Anachotaka ni dakika moja na nusu hivi: umesomea nini, umefanya nini kinachofanana na kazi hii, na kwa nini umekuja kwake.

Maswali yanayofuata huomba visa. "Nieleze kuhusu siku ulipotofautiana na mwenzako." "Nipe mfano wa jambo lililokushinda." Walimu wa vyuo vya huko hufundisha kuyajibu kwa hatua nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya na matokeo yake. Tuseme mwanafunzi alikuwa mweka hazina wa chama cha akiba cha wenzake 40 huko Eldoret. Hali ni kwamba madeni yalikuwa yameandikwa katika daftari tatu zisizolingana. Jukumu lake ni kujua nani anadaiwa nini. Alichofanya ni kuzihamisha hesabu zote katika tarakilishi na kumtumia kila mwanachama taarifa yake kwa simu. Matokeo ni kiasi kilicholipwa na muda kililipwa. Mwanafunzi huyo huenda alidhani kwamba mambo ya chama hayafai kutajwa mbele ya benki ya Chicago, kumbe ndiyo hasa ushahidi wanaoutafuta.

Swali la jambo lililokushinda huwatatiza wengi zaidi. Baadhi hujibu kwamba hawajawahi kushindwa, jibu ambalo halimridhishi yeyote. Wengine hufunguka kupita kiasi, kana kwamba wako mbele ya kasisi. Kosa linalofaa kutajwa ni la kweli, lisilo la aibu kuu, na ambalo dawa yake umeshaanza kuitumia.

Kisha kuna macho. Mtoto wa Kenya hufundishwa kutomkazia macho mzee anayezungumza naye, ilhali Marekani anayeangalia sakafu hushukiwa kuwa anaficha jambo. Kuna pia kimya. Ukimya wa kutafakari unaruhusiwa, mradi uutangaze kwa kusema kwamba unahitaji muda mfupi wa kufikiri. Mwishoni mhoji huuliza kama una maswali, na hapo jibu la "hapana, asante" huhesabiwa kama ukosefu wa hamu. Maswali mawili matatu yaandaliwe: kazi itapimwa vipi katika miezi sita ya kwanza? Timu hii inakabiliwa na tatizo gani sasa? Ndani ya siku moja, kila aliyekuhoji atumiwe barua pepe fupi ya shukrani inayotaja jambo mlilozungumzia.

Bosi anayeitwa kwa jina lake

Jambo linalowashangaza wengi siku ya kwanza ni kusikia mfagizi akimwita mkurugenzi "Mike". Mkenya aliyezoea "Bwana Mkurugenzi", "Daktari" au "Mheshimiwa" huona ulimi wake ukigoma. Ushauri ni huu: anza na cheo na jina la ukoo katika barua ya kwanza, kisha fuata sahihi yake. Akitia sahihi "Mike", mwite Mike. Kuendelea kumwita kwa cheo baada ya hapo huonekana kama kumweka mbali. Maprofesa, madaktari na majaji ni habari tofauti, nao huitwa kwa vyeo mpaka wao wenyewe waseme vinginevyo.

Asidanganyike mtu, hata hivyo, kwamba ofisi hiyo haina ngazi. Mike anaweza kumfuta kazi mfanyakazi adhuhuri na jioni walinzi wakachukua kadi yake ya mlango. Ngazi zipo, ila zimefunikwa kwa lugha laini. Bosi akisema "unaonaje ukiitazama ripoti hii ukipata nafasi", huenda anamaanisha ripoti hiyo iwe mezani pake kesho. Akianza kwa kusifu, kisha akasema "jambo moja dogo la kufikiria", hilo dogo ndilo alilokuja kusema. Wakenya wengi husikia sifa peke yake, wakashangaa baadaye wanapoambiwa kwamba walionywa.

Kadhalika maneno mengine ni salamu tu. Anayekuuliza u hali gani korido hatasimama kusikiliza habari za homa yako. Anayesema "tutafute siku tule chakula cha mchana" hajakualika mpaka ataje siku. Kwetu sisi, kuulizana hali, za nyumbani na za watoto ndio mwanzo wa mazungumzo ya maana, na kulikatiza hilo ni ufidhuli. Kule, dakika mbili za hali ya hewa na mechi ya jana zinatosha, kisha watu huingia kwenye shughuli. Anayezikwepa dakika hizo mbili, akaingia moja kwa moja kazini, naye huonekana baridi.

Kwenye mikutano, aliyenyamaza hahesabiwi kuwa msikilizaji mwema, bali huhesabiwa kuwa hakuwapo. Kumpinga bosi mbele ya wengine kwa hoja, kwa upole, na kabla ya uamuzi kutolewa, kunaruhusiwa na wakati mwingine kunatarajiwa. Kumpinga baada ya uamuzi kutolewa ni kitu kingine, na hilo halina tofauti kubwa na Nairobi. Kuhusu saa, mkutano wa saa tatu huanza saa tatu, na anayehojiwa afike dakika kumi kabla.

Kujuana kwa aina nyingine

Neno "kujuana" nchini Kenya lina harufu mbaya. Humaanisha mjomba aliye wizarani, au bahasha iliyopitishwa chini ya meza. Mwanafunzi mwadilifu anapoambiwa Marekani kwamba kazi hupatikana kwa kujenga mtandao wa watu, hukunja uso na kusema kwamba yeye atashinda kwa alama zake.

Mtaalamu wa sosholojia Mark Granovetter alichapisha mwaka wa 1973 utafiti ambao umenukuliwa mno tangu hapo. Aliwahoji wafanyakazi wa kitaaluma na mameneja katika mji wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepata kazi kupitia mtu. Lakini kati ya hao, chini ya mmoja katika kila watano walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wasiowajua sana: mwenza wa zamani kazini, rafiki wa rafiki, mtu waliyesoma naye wakapoteana. Sababu yake ni nyepesi. Marafiki wa karibu wanajua yale unayoyajua wewe, lakini aliye mbali kidogo huishi kati ya watu wengine na husikia habari nyingine.

Utafiti huo unawahusu Wakenya walio Marekani moja kwa moja. Jamii zetu zilizoko Minnesota, Texas, Georgia na Massachusetts zina mshikamano wa kupigiwa mfano. Mgeni hupokewa uwanja wa ndege, hupewa godoro, hupelekwa kanisani. Lakini kazi zinazojulikana katika jamii hizo mara nyingi ni zile zile, hasa za uuguzi na kuwatunza wazee. Ni kazi za heshima. Kwa mhandisi mwenye kibali cha OPT, hata hivyo, haziwezi kusimamisha hesabu ya siku 90 kwa kuwa hazihusiani na taaluma yake. Na kwa mwanafunzi asiye na kibali, kufanya kazi nje ya chuo kwa siri kunaweza kumgharimu viza yenyewe, hata kama aliyempeleka huko alimtakia mema.

Jinsi ya kuanza ni hii. Mwandikie mtu aliyehitimu chuoni mwako, anayefanya kazi unayoitamani, ukimwomba dakika 20 akueleze alivyofika hapo. Mtindo huu ulienezwa sana na vitabu vya Richard Bolles tangu miaka ya 1970, na Wamarekani wengi huukubali kwa furaha, maana kuombwa ushauri kunampendeza binadamu popote alipo. Usimwombe kazi. Ukimwomba kazi, umemlazimu akukatalie. Ukimwomba maarifa, atakupa, na anaposikia nafasi imetokea huenda akakukumbuka. Mwishoni uliza kama kuna mtu mwingine mmoja anayefaa kuzungumza nawe.

Mtandao wa LinkedIn, ulioanzishwa mwaka wa 2003, umerahisisha kuwapata watu hao. Ofisi ya ushauri wa ajira chuoni ni hazina nyingine, nayo imekwisha kulipiwa kwa karo. Kampuni kubwa hufika vyuoni Septemba na Oktoba kutafuta watu watakaoanza kazi kiangazi cha mwaka unaofuata. Anayesubiri mpaka mahafali ya Mei ndipo aanze kutafuta amekuta sahani zinaoshwa.

Swali la viza

Katika fomu nyingi za maombi kuna maswali mawili. La kwanza: je, unaruhusiwa kufanya kazi Marekani? La pili: je, utahitaji udhamini wa mwajiri wa viza, sasa au baadaye? Mwenye OPT anaweza kujibu "ndiyo" kwa la kwanza. Kwa la pili, anayetarajia kuomba H-1B hana budi kujibu "ndiyo" pia, japo jibu hilo litamfungia baadhi ya milango. Mwajiri ana haki ya kukataa kudhamini viza.

Lakini kuna waajiri wanaokataa kwa kutojua. Hudhani kwamba kumwajiri mwanafunzi wa kigeni kunahitaji mawakili tangu siku ya kwanza, ilhali OPT hailipiwi na mwajiri na makaratasi yake mengi ni ya mwanafunzi mwenyewe. Inafaa kuwa na maelezo mafupi, yasiyozidi sentensi tatu, ya kumfafanulia kwamba una kibali cha miezi 12, au 36 kwa walio na nyongeza, kabla ya suala la udhamini kuzuka. Mahali pa maelezo hayo si sentensi ya kwanza ya mahojiano. Yatolewe pale ambapo mwajiri ameshaona unachoweza, au mara tu anapouliza.

Jambo moja lisifanywe kamwe. Kila anayeajiriwa hujaza fomu ya I-9, ambayo humtaka aseme kama ni raia, mkazi wa kudumu au mgeni mwenye kibali. Kujidai raia wa Marekani ili kupata kazi ni kosa linaloweza kumzuia mtu maisha yake yote kupata hadhi ya kisheria nchini humo, hata akifunga ndoa na raia. Kisanduku kimoja kilichotiwa alama kwa haraka kimewavunjia watu jamaa.

Mshahara na mkataba

Kazi ikipatikana, Mkenya hushukuru na kutia sahihi papo hapo. Mwajiri wa Kimarekani huenda alikuwa ameacha nafasi ya kuongeza, akingoja kuombwa. Kuomba muda wa siku chache kuisoma barua ya ajira, kisha kuuliza kwa adabu kama kiwango kinaweza kusogezwa, si utovu wa shukrani. Tangu mwaka wa 2021 huko Colorado, na 2023 katika majimbo ya California, Washington na New York, sheria huwataka waajiri wengi kutaja kiwango cha mshahara katika matangazo yao, hivyo mwombaji anaweza kujua soko lilivyo hata kama kazi yake iko kwingine.

Barua hiyo isomwe yote, kwa kuwa mambo ambayo Kenya ni haki kisheria huko huwa ni hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira ya Kenya humpa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na mama aliyejifungua miezi mitatu yenye mshahara kamili. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimu mwajiri wa kampuni binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Ile ya mwaka wa 1993 huwapa baadhi ya wafanyakazi wiki 12 kwa mwaka kwa ajili ya uzazi au ugonjwa, tena bila malipo. Bima ya afya nayo hutegemea mkataba, na gharama ya hospitali huko inaweza kummaliza mtu.

Aidha, katika majimbo yote isipokuwa Montana, kanuni ya kawaida ni kwamba mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi wakati wowote bila kutoa sababu, mradi sababu hiyo isiwe ile iliyokatazwa na sheria, kama vile ubaguzi. Nchini Kenya mwajiri hutakiwa kuwa na sababu ya haki na kumsikiliza mfanyakazi kwanza. Kwa mwenye OPT, kuachishwa kazi ghafla huanzisha tena ile hesabu ya siku pale ilipokuwa imesimama, na siku zilizotumika mwanzoni hazirudi. Ndiyo maana wenye busara hawaachi kuzungumza na ule mtandao wao wa watu hata baada ya kuajiriwa. Anayeondoka kwa hiari naye hutoa notisi ya wiki mbili. Sheria haimlazimishi, lakini desturi ina nguvu, na mwajiri anayefuata huenda akapiga simu kuuliza.

Hati ya kwanza ya mshahara ichunguzwe vyema. Mwanafunzi wa F-1, hata akiwa katika OPT, kwa kawaida hatozwi makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, ambayo kwa mfanyakazi ni asilimia 6.2 na asilimia 1.45, katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda tangu aingie nchini humo. Makarani wengi wa mishahara hawalijui hilo na huyakata kimakosa. Yakikatwa, mwajiri aandikiwe kwanza arejeshe, na akikataa, yapo maombi ya kuwasilishwa kwa mamlaka ya kodi. Kodi ya mapato yenyewe hulipwa kama kawaida, na fomu zake hujazwa kabla ya Aprili 15.